Bomba la Bluu

Kila Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi, Chiriku alikaa kwenye kigoda mbele ya karakana ya mama yake na kusugua mabomba ya moshi ya pikipiki. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa fundi. Kazi ya kuondoa madoa ya moto, yale ya bluu na manjano, ilikuwa ya Chiriku peke yake.

Kisha akaja Taratibu, binti wa mama yake mkubwa, aliyehamia kwao ili awe karibu na shule. Lo! Huyo alisugua bomba kama anayemwogesha mtoto mchanga. Wateja wakaanza kumwulizia yeye.

"Taratibu, shika bomba la pikipiki hii ya mteja wetu muuguzi," mama alisema Jumamosi moja. "Ataifuata saa sita."

"Na mimi, mama?"

"Wewe fagia, mwanangu."

Fagia! Roho ilimuuma Chiriku. Akaona wivu. Taratibu alipokwenda kuchota maji, Chiriku akachukua mchanga kidogo, akauchanganya kwenye kopo la dawa ya kung'arishia. Akarudi kufagia kimya kimya, jambo ambalo lingemshtua yeyote anayemjua.

Haukupita muda, bomba likajaa mikwaruzo. Taratibu akaanza kulia.

"Mama mdogo, nimeliharibu! Sijui nimefanyaje."

Mama akaliangalia, akaguna. "Basi mabomba uyaache kwanza. Vitu vya watu si vya kujifunzia."

Hicho ndicho alichokitaka Chiriku. Mbona basi hakufurahi? Taratibu alijifuta machozi kwa kitambaa cha kazi, uso mzima masizi, wala hakumlaumu mtu.

"Ni mimi, mama!" Chiriku akaropoka. "Nimetia mchanga kwenye dawa."

Mama akachuchumaa kando ya pikipiki. "Njooni hapa nyote wawili. Bomba hili linageuka bluu kwa nini?"

"Kwa moto wa injini," Taratibu akajibu.

"Ehe. Kabureta inapitisha petroli kidogo mno, injini inachemka kupita kiasi. Tunasugua nje kila wiki, na kila wiki bluu inarudi. Leo natengeneza ndani kwanza. Na wewe, Chiriku, ndani yako kunachemka nini?"

"Unamsifu yeye tu! Mimi hata ahsante sijaisikia tangu aje."

Mama akaweka bisibisi chini. "Hapo nimekosa, mwanangu. Lakini wewe na maneno yako yote hayo, lililo muhimu ndilo ulilolimeza?"

Taratibu akacheka huku machozi yakimtoka. Muuguzi alipofika, Chiriku mwenyewe alimweleza ukweli na kumwomba radhi. Muuguzi akasubiri, huku wasichana wakiondoa mikwaruzo kwa msasa laini.

Wiki mbili baadaye akapita tena, bomba likiwa bado linang'aa. "Fundi wa hili ni nani?" akauliza.

Chiriku akamwonyesha mwenzake. "Taratibu," alisema. "Na mimi."

"Umeona?" mama alimwambia. "Wivu humpata kila mtu. Ukikupata, useme mapema, kabla hujaharibu kazi ya mwenzako. Ahsante kwa kazi, mwanangu."