Bei ya Mgeni Kisimani Ulimbwe

Mola aliyewateremshia waja wake mvua bila ya kuwauliza watokako ndiye ajuaye hakika ya mambo haya; sisi twasimulia yaliyobaki vinywani mwa watu.

Katika zama hizo bara ilivukwa kwa miguu, na baina ya mbuga ya chumvi na mto mkubwa hapakuwa na maji ila mahali pamoja, napo ni kisima cha Ulimbwe. Kilichimbwa katika mwamba, kirefu hata ukitupa jiwe waweza kutamka shahada nzima kabla ya kulisikia likigonga chini. Kukizunguka palikuwa na mji, na kuuzunguka mji palikuwa na ua wa magogo yaliyochongwa ncha, na nje ya magogo minyaa iliyosongamana.

Sheria ya kisima ilikuwa hivi. Mwenyeji akichota alitoa konzi ya mtama. Mgeni, kwa kibuyu kile kile na kamba ile ile, alitoa doti nzima ya kaniki. Nguo zikimwishia, alitoa mtu. Mtu huyo alivuliwa nguo, akafungwa kamba kiunoni, akateremshwa chini kuzoa tope lililokuwa likiiziba chemchemi. Hakupandishwa tena. Chakula kilishuka kwa kikapu, tope likapanda kwa kikapu. Na siku ambayo kikapu kilipanda kitupu, watu wa juu walijua kwamba wanahitaji mtu mwingine.

Mwaka mmoja wa kiangazi kikali, msafara wa Zahidi bin Ngwali, mfanyabiashara wa pwani, ulitokea mbuga ya chumvi ukielekea nyumbani. Pembe za ndovu alikuwa nazo nyingi. Nguo hakuwa nazo hata kipande, kwani zote zilikwisha kuliwa na hongo za kupitia nchi za watu njiani. Pamoja naye alikuwa Miraji, nduguye kwa baba, na wapagazi waliotanguliwa na kirangozi wao, Kapera. Hawa walikuwa watu huru waliojiajiri kwa ujira. Zahidi aliapa kijijini kwao, mkono juu ya Msahafu, mbele ya mama zao waliosimama wakimkazia macho, kwamba atawarudisha wote. Kiapo hicho kilimwelemea kuliko pembe.

Walipofika langoni wengine walikuwa wakitambaa. Mlinzi wa kisima alikuwa mwanamke mpana aitwaye Nyanzobe, mwenye bangili za shaba hadi viwikoni na kata ya kibuyu mkononi. Alipiga funda la maji, akasukutua, akatema mchangani mbele yao.

"Karibuni, watu wa chumvi," akasema. "Nyinyi mna bahari nzima kwenu. Mmefuata nini kwenye kishimo chetu?"

"Tuna pembe, mama," akajibu Zahidi. "Chagua uzipendazo."

"Pembe? Hapa tunazifanya nguzo za banda la mbuzi. Nguo iko wapi?"

Wakati huo kikongwe mmoja alipita kati yao akiburuta mbuzi. Akamimina konzi ya mtama kikapuni, akapewa maji. Akanywa yeye, kisha akamnywesha mbuzi hata mbuzi akashiba, na yaliyobaki akayamwaga. Wapagazi waliutazama mchanga ukiyanywa.

"Mama, na yule mbuzi kalipa nini?" akauliza Zahidi.

"Mbuzi ni mwenyeji," akajibu Nyanzobe, na watu waliokuwa juu ya ua wakaangua kicheko.

Miraji akamvuta nduguye kanzu. "Kaka, toa wapagazi. Wachache tu, wale waliokwisha kulegea. Mbele tutaajiri wengine." Hakunong'ona vya kutosha. Kapera aliinua kichwa, akamtazama.

Ndipo Zahidi alipomkumbuka Kabula. Mamaye Zahidi alifariki siku ya kumzaa, na aliyemnyonyesha ni mtumwa mmoja wa bara, mtu wa Ulimbwe, aliyekuwa akimwimbia lugha yake hadi mtoto akaijua kabla ya Kiswahili. Miraji alizaliwa baadaye na mke mwingine, akanyonya kwa mamaye mwenyewe. Kwa sheria yetu, mama wa kunyonya ni mama. Na Walimbwe, ambao hawakuwa na kitabu, walishika jambo hilo kupita sisi. Wao hawakuuliza mtu amezaliwa na nani. Waliuliza amenyonya kwa nani.

Zahidi akavua kilemba, akapiga goti la kushoto, akaigusa kamba ya kisima iliyotundikwa langoni kwa kipaji chake kama alivyofundishwa utotoni. Akanena kwa Kilimbwe, koo limemkauka: "Mimi Zahidi nimenyonya kwa Kabula. Kabula kwa Nshoma. Nshoma kwa Sizya, aliyezikwa chini ya lango hili. Nimekuja na kiu."

Kicheko kikakatika. Nyanzobe akaishusha kata. Akaitwa mzee mmoja kigulu, Masanilo, kakaye Kabula, aliyebaki peke yake katika nyumba ile. Akaja akijikongoja kwa mkuki, akamshika Zahidi mashavu.

"Sura si yake."

"Sura ni ya baba yangu, mjomba. Maziwa ni yake."

"Akikunyonyesha aliimba nini?"

Zahidi akaimba. Ulikuwa wimbo wa wavuta kamba, wa kukisihi kisima kisichoke. Kabla hajafika katikati, mzee aliupokea, na watu wa juu ya ua wakauitikia.

"Mpwa wangu," akasema Masanilo, machozi yakimchuruzika. "Dada yangu yu wapi?"

"Amefariki, mjomba."

Hakusema zaidi. Hakusema kwamba maziwa ya Kabula yalipokauka, Ngwali alimbadilisha kwa mlango wa mti wenye nakshi, mlango ule ule ambao Zahidi aliufunga nyuma yake siku ya kuanza safari. Maneno hayo aliyameza, na juu yake akanywa maji.

Masanilo alitoa mtama kwa ajili ya msafara wote. "Wenzako wanakunywa kwa maziwa yako," akatangaza mbele ya watu, na wazee wakaridhia. Wapagazi walikunywa hata wakatapika, wakanywa tena. Kapera akamwambia Zahidi, "Mwinyi, laiti ungetuambia mapema kwamba wewe ni mbuzi." Wakacheka, na hicho kilikuwa kicheko chao cha mwisho pamoja.

Asubuhi yake baragumu lililia. Wasikila, wavamizi wa upande wa milima, walikuwa wameonekana mbugani, ngao zao za ngozi ya nyati zikienea kama kivuli cha wingu. Mtemi wa Ulimbwe akaamuru mlango mdogo wa nyuma ufunguliwe wageni watoke, kwani vita si vyao. Msafara ukajitwika. Zahidi alipofika mlangoni, mkuki ulilazwa kifuani pake.

"Waenda wapi, ndugu?" Alikuwa Nyanzobe, na safari hii hakucheka.

"Naenda kwetu."

"Kwenu ni hapa. Jana ulituhesabia hadi kwa Sizya. Au ulidhani konzi ya mtama ndiyo bei yetu? Mtama tunawapa kuku. Sisi tunayalipia maji haya kwa ngozi zetu, juu ya ua ule. Kila nyumba inayokunywa hutoa mtu, na nyumba ya Kabula haina mtu ila kigulu yule."

"Na nikikataa?"

"Basi wewe ni mgeni, sema tu. Tutahesabu upya. Kila aliyekunywa jana atalipa cha mgeni." Akaelekeza mkuki kwa wapagazi, kisha kisimani.

Zahidi akamtazama Kapera. Akamtazama nduguye. Akautoa Msahafu mkobani.

"Miraji, pembe zote nimekupa. Hawa wafikishe kwa mama zao, mmoja mmoja. Kisha urudi na nguo unikomboe."

Miraji akaweka mkono juu ya Msahafu, akalia kwa kwikwi. "Naapa, kaka. Mvua ya kwanza tu, utaniona."

Akatoka. Mlango ukafungwa.

Wasikila waliufikia ua kabla ya adhuhuri. Walikuja na mienge ya nyasi kuichoma minyaa, na moshi wake mchungu ukawapofusha waliokuwa juu. Zahidi, ambaye maisha yake yote alipigana kwa mizani na mdomo, alipewa mkuki wa mtu aliyekwisha kufa. Mjomba wake alikuwa ubavuni pake, amejifunga kwa kamba kwenye gogo ili mguu wake usimwangushe. Akauawa hivyo hivyo amesimama, na maiti yake ikaendelea kupokea mishale iliyokuwa ya wengine. Msikila mmoja alishika ncha ya gogo ili apande. Zahidi akamchoma. Wa pili akaja na shoka. Zahidi aliuona mkono wake wa kulia ukianguka nje ya ua, vidole bado vimeukumbatia mkuki, kabla hajahisi lolote.

Mji haukutekwa. Wasikila waliotekwa waliteremshwa kisimani mmoja baada ya mwingine, na maji mwaka ule yalikuwa mazuri.

Mvua ya kwanza ikaja. Ya pili ikaja. Zahidi alikuwa akipanda juu ya ua kila alasiri kutazama mbuga ya chumvi, hata watoto wakamfanyia mchezo, wakijifunga mkono mmoja na kukodoa macho. Nyanzobe alipouawa katika vita vingine, kata ya kisima alipewa Zahidi, kwani mtu wa mkono mmoja hawezi kuvuta kamba ila anaweza kupokea malipo. Alimwendea Mtemi akamsihi sheria ile iondolewe, maana maji ni ya Mungu.

"Vema," akasema Mtemi. "Na tope ni la nani? Shuka wewe ukalizoe, nami nitaifuta leo."

Zahidi akarudi langoni, kata mkononi. Na hapa ndipo Shetani alipomkalia. Mgeni wa kwanza aliyemteremsha, Zahidi alimpa kisogo. Wa pili alimtazama miguuni. Baadaye alikuwa akiwatazama machoni na kuwauliza kama kamba imekaza vizuri.

Ndevu za Miraji zilikwisha kuwa nyeupe alipokuja. Alikuwa amenona, amepanda punda mweupe, kilemba cha hariri kichwani, walinzi wenye magobori ubavuni. Nyuma yake palikuwa na mnyororo wa watu, na wa mbele katika mnyororo, kongwa shingoni, alikuwa Kapera.

Miraji akashuka, akafungua mikono. "Kaka! Alhamdulillahi, u hai! Wallahi, kila mwaka nilikuwa nataka kuja."

"Njia ni mbaya," akasema Zahidi.

"Mbaya sana! Na madeni, kaka, madeni yalinishika koo. Nilisema, acha niwatumie hawa kidogo tu, nikipata nafasi nitawarudisha. Tupe maji, tutazungumza."

"Una nguo?"

"Nguo zote zimekwenda na hongo. Lakini mimi na wewe tunaulizana nguo?"

"Bei ya mgeni unaijua. Ulikuwapo."

Miraji akacheka, akatazama huku na huku, akaona kwamba hakuna mwingine aliyecheka. "Mimi nduguyo. Damu moja."

"Hapa hawaulizi damu," akasema Zahidi. "Na wewe hukunyonya kwa Kabula."

"Basi chukua katika hawa." Miraji akautikisa mnyororo. "Chukua unaowataka."

Zahidi akauinua mkono wake uliokatika. "Hawa si wako uwatoe. Hawa nimekwisha kuwalipia, pale juu ya ua. Walikunywa kwa maziwa yangu, ni wenyeji. Mgeni hapa ni wewe na walinzi wako, na Mtemi ataridhika na mtu mmoja kwa wote."

Walinzi wakaitazama kata ikidondosha maji. Wakatazamana. Kisha wakayaweka magobori chini na kurudi nyuma, wakamwacha bwana wao amesimama peke yake na punda.

"Kaka, mwogope Mungu!"

"Namwogopa. Ndiyo maana nimekuuliza kwanza kama una nguo."

Wakamvua hariri, wakamfunga kamba, wakamteremsha akipiga mayowe. Mayowe yakazidi kuwa madogo, wala hayakukoma.

Kapera alivunjiwa kongwa. Alikunywa maji polepole, akaifuta kata, akairudisha kwa mkono mmoja. Zahidi alingoja aseme neno. Kapera akasema, "Mwinyi, ulituapia kwamba utaturudisha wewe. Hukuapa kwamba ataturudisha yeye." Akawaongoza wenzake waliosalia kutoka langoni, asigeuke.

Walimbwe wanaye Zahidi katika wimbo wao wa kuvuta kamba hata leo, wakimsifu kuwa mlinzi asiyepunja wala kupendelea. Katika wimbo huo hana ndugu. Habari ya nduguye hawakuihifadhi.

Ambalo hawakuliimba ni hili. Alfajiri iliyofuata, adhana ilitoka chini ya ardhi. Miraji, asiyeona kule chini ila kipande cha mbingu cha ukubwa wa sahani, aliona kimepauka akaadhini. Tangu mkono wake ukatwe Zahidi hakuwa ameisikia adhana kwa kinywa cha mtu mwingine. Akatawadha kwa mkono mmoja, akasimama ukingoni, akaswali nyuma ya nduguye, imamu yu shimoni na maamuma yu juu. Hakumjulisha. Wakaswali hivyo kila alfajiri, na baada ya swala Zahidi akaamuru kikapu kishushwe.

Asubuhi moja kikapu kilipanda kitupu. Tangu alfajiri ile Zahidi alikuwa amesimama ukingoni, uso kibla, akingoja takbira. Akangoja hata jua likachomoza juu ya ua. Kisha akaichukua kata kwa mkono wa kushoto akashuka langoni, kwa kuwa palikuwa na wageni.