Makopo ya Nyuma

Kila Jumatatu asubuhi baba yangu hukagua friji la duka letu. Hakagui maziwa. Hakagui soda. Anakagua pakiti ya kijani ya vitafunio iliyowekwa juu ya friji. Hapa Taiwan mashine nyingi zina pakiti kama hiyo. Pakiti ikiwa mpya, mashine inatii. Ikipitwa na tarehe, mashine inagoma. Ndivyo watu wanavyosema, na Baba anawaamini kuliko anavyomwamini fundi.

"Bado miezi miwili," alisema Jumatatu ile, ameridhika kama mtu aliyepata mapacha.

"Na vitu vingine, Baba?"

"Peishan, wewe fagia."

Kisiwa chetu ni kidogo. Kila kitu huletwa na boti ya mizigo kutoka mjini, hata chumvi, ingawa bahari imetuzunguka pande zote. Siku hiyo redio ilitangaza kimbunga. Boti ya mwisho ingeondoka mjini saa sita mchana. Baada ya hapo, huenda wiki nzima bila boti.

Saa tano jirani yetu Sufen aliingia na mwanawe mgongoni. Enrui ana miezi saba. Mwili wake unakataa maziwa ya kawaida. Akiyanywa anavimba hadi pumzi inabana. Anatumia maziwa ya unga ya aina moja tu, yenye kopo la bluu.

"Kaka Hong, nipe makopo mawili. Nyumbani yamebaki ya leo tu," alimwambia Baba.

"Mawili tu? Stoo ninalo boksi zima!"

Nikaenda stoo. Mbele kulikuwa na mlima wa maboksi ya tambi. Nyuma kabisa, kwenye vumbi, kulikuwa na makopo sita ya bluu. Niligeuza la kwanza. Nikageuza la pili. Nikayabeba yote hadi kaunta.

"Baba, muda wake umeisha. Miezi mitatu iliyopita."

"Angalia jingine."

"Yote sita, Baba. Mzigo mpya ukija unaupanga mbele. Tunauza wa mbele, wa nyuma unazeeka."

Sufen alishika kopo moja. "Nikimpa hivyo hivyo? Kidogo tu?"

"Usithubutu!" Baba alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema kitu bila utani ndani yake.

Alimpigia mdogo wake, Shangazi Kim, karani wa ghala la bandari kule mjini. Shangazi hana subira na wajinga, hasa wa ukoo wake.

"Duka la dawa liko hapa mkabala, nitayapata," alisema. "Ila boti imejaa. Nahodha anasema kikiingia kitu, kingine kishuke."

"Mwombe!"

"Nimemwomba. Unajua kilichoijaza? Tambi. Kila mwenye duka ameagiza tambi leo. Maboksi kumi na mawili ni yako, Kaka!"

Baba alitazama ule mlima stoo. "Shusha tambi zangu zote," alisema.

Simu ikakatika. Tulipopiga tena, haikuita.

Tukaenda gatini. Upepo ulikuwa unavua watu kofia. Saa saba ikapita. Enrui alikuwa analia, na Sufen alimbembeleza huku akitazama bahari.

Saa saba na nusu boti ilitokea, ikizama na kuibuka. Mabaharia walifunga kamba mara tatu ndipo ikashika. Cha kwanza kushuka hakikuwa mzigo. Alikuwa Shangazi Kim, amelowa chapachapa, amekumbatia boksi kama mwizi wa kuku. "Tambi zako zimebaki mjini, nimekaa nafasi yake," alisema.

Baba alilipokea boksi. Kabla ya kusalimia, aligeuza kopo akasoma tarehe. Kisha akampa Sufen.

"Mwaka mmoja na nusu mbele," alisema.

Shangazi alikwama kwetu siku nne. Kimbunga kilipiga madirisha, naye alimpiga Baba kwa maneno.

"Mzigo mpya unakwenda wapi?"

"Nyuma."

"Wa zamani?"

"Mbele, utoke kwanza. Kim, mimi si mtoto."

"Mtoto angeshaelewa. Makopo ya bluu unauza mangapi kwa wiki?"

"Mawili."

"Ukiagiza, yanafika baada ya muda gani?"

"Wiki moja."

"Kimbunga kikifunga bahari?"

"Ongeza wiki."

"Basi yakibaki manne, agiza siku hiyo hiyo. Usingoje rafu iwe tupu, wala usingoje redio. Na tambi unazo za kulisha jeshi, umeagiza za nini?"

"Kila mtu huagiza tambi," Baba alinong'ona.

Nilibandika utepe mwekundu kwenye rafu, mbele ya kopo la nne kutoka nyuma: tukifika hapo, tunaagiza. Kila bidhaa ikapata utepe wake. Jumatatu ikawa siku ya kugeuza makopo.

Miezi miwili baadaye redio ilitangaza kimbunga kingine. Wenye maduka wengine walikimbilia simu. Baba alikuwa amekaa, anakunywa chai. Sufen akaja, akachukua makopo mawili ya mbele, akasoma tarehe, akatabasamu.

Alipotoka, nilitazama juu ya friji. "Baba, pakiti yako ya kijani muda wake umeisha wiki iliyopita!"

Baba aliruka. Tukasikiliza wote wawili. Friji lilikuwa linaunguruma vilevile.

"Lete nyingine," alisema. Nilipofika kwenye rafu, akapaza sauti: "Ya mbele, Peishan! Ya mbele!"