Ngozi ya Pajani

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alichemsha maji ya chai. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hiyo aliipua sufuria, akaiweka sakafuni, akageuka kupiga soga na jirani dirishani. Mdogo wake wa miaka mitatu, Kitinda, akajikwaa, na maji yote yakamwagikia mkono wake.

Mama aliuweka mkono chini ya bomba la maji baridi, kisha wakakimbilia hospitali. Wiki mbili baadaye, kidonda cha kiwiko kilikuwa bado wazi.

"Kikipona chenyewe, ngozi itajikunja na mkono hautanyooka tena," alisema daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. "Nitachukua ngozi nyembamba ya pajani, niipandikize hapa."

"Kumbe ngozi hupandwa kama mche?" Chiriku aliuliza.

"Ndiyo. Na mche ukitikiswa haushiki. Kwa siku tano, bandeji isiguswe."

Siku ya tatu baada ya upasuaji, mama alitoka kidogo kwenda kufua. Kitinda akaanza kulia. "Dada, inabana! Nifungue!"

Chiriku alimwonea huruma. Si yeye aliyeweka sufuria chini? Akailegeza bandeji. Kitinda akanyamaza, lakini kiwiko kikaanza kukunjika.

"Kwema hapa?" muuguzi aliuliza akipita.

Hakuna aliyemwona Chiriku akiilegeza bandeji. Hata hivyo akasema, "Sista, nimelegeza bandeji. Ni mimi."

Daktari alikuja mbio, akanyoosha kiwiko na kufunga upya. "Tutajua siku ya tano," alisema.

Siku mbili hizo Chiriku hakula vizuri. Bandeji ilipofunguliwa, alisogea karibu. Ngozi ilikuwa ya waridi, yenye vitundu vidogo kama wavu. Daktari aliibonyeza kwa kidole chenye glavu. Ikapauka, halafu rangi ikarudi taratibu.

"Mmeona? Damu imeshaingia. Imeshika!"

"Mungu mkubwa!" mama alinong'ona.

Majuzi ilikuwa ngozi ya paja, leo ni ya kiwiko, nayo ni hai! Chiriku hakuwahi kuona ajabu kama hiyo.

"Mimi nilipandikiza," daktari alimwambia, "lakini ungenyamaza, kazi yangu yote ingepotea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa likisemwa mapema, hutibika. Na sufuria ya moto je?"

"Haikai sakafuni," Chiriku alijibu kwa sauti ndogo. Kisha akanyamaza, macho yakiwa kwenye kiwiko cha mdogo wake.

"Leo ngozi imeshika," mama alisema akifuta machozi, "na Chiriku amekosa la kusema. Maajabu mawili kwa siku moja!"