Aliyebisha Chini ya Boneti

Elsie Wangila hakuwa na saa, hakuwa na baiskeli, hakuwa na viatu vya Jumapili, na daftari lake la hesabu halikuwa na lebo ya kuandikia jina. Mwalimu alikuwa amemwonya mara mbili kuhusu lebo hiyo. Kila asubuhi alitembea kwenda shuleni hapo Kitengela akipishana na malori ya mawe, vumbi jeupe likimfika magotini.

Mwaka huo wa 1997 baba yake alinunua gari kuukuu aina ya Pijo kutoka kwa mjane wa Kajiado, Mama Naserian, ambaye pia aliwauzia maziwa watu wa mtaa wao. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, Mwalimu Parmuat. Jioni ya kwanza, Elsie akilipangusa, aliona ndani ya kifuniko cha tangi karatasi yenye ukingo wa buluu. Iliandikwa kwa mkono: "93. Isipungue." Hakujiuliza maana yake. Aliibandua polepole, akaigeuza, akaibandika kwenye daftari na kuandika jina lake upande uliokuwa mtupu.

Jumapili walikwenda Kajiado kumshukuru mjane. Baba alijaza petroli ya regula, kwa kuwa ndiyo aliyotumia jirani yake. Walipopita Isinya na kuanza kupanda mwinuko, Mama akasema, "Kweli Parmuat alilitunza gari lake."

Ko. Ko. Ko-ko-ko.

Kulikuwa na kitu kinachobisha chini ya boneti.

"Karibu ndani!" akasema Sydney, kaka yake Elsie, akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Walipofika juu, mlio ulikoma. Kwenye mwinuko uliofuata ulianza tena, haraka haraka, kama mtu aliyefungiwa.

Nyumbani kwa mjane Baba alizima gari na kuchomoa ufunguo. Gari halikuzimika. Lilitikisika, likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, na ufunguo umo kiganjani mwa Baba.

Mama Naserian alisimama langoni. "Mlikuwa mkimtaja?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwetu, jina la aliyeondoka hatuliiti."

Mama yake Elsie akakumbuka maneno yake ya mwinukoni.

Habari za mzimu wa garini zilienea Kitengela kabla ya wiki kuisha. Elsie alianza kusikia ko-ko hata darasani, mwenzake akigonga kalamu kwenye dawati. Mama Naserian alipoleta maziwa, jirani yao Mama Jentrix alimfungia mlango. "Maziwa ya boma hilo? Mimi siyanywi! Mwenyewe bado anatembea." Wengine wakafuata. Elsie alimwona mjane akirudi stendi na mtungi umejaa, ameuinamia kama mzigo wa mawe. Siku ya tatu hakuja.

"Jumamosi nalirudisha," Baba akasema. "Na watu wote wajue alituuzia nini."

Jumamosi asubuhi Baba, Elsie akiwa kiti cha nyuma na mkoba wake wa shule, alilipitisha gari kwa fundi Muteti ili lisiwaharibikie njiani. Muteti aliliendesha kwenye mwinuko wa machimbo ya mawe, akasikiliza, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee Wangila, huyu mzimu wako anakunywa nini?"

"Regula."

"Basi ndiyo maana anapiga kelele! Injini hii hubana petroli sana. Petroli yenye okteni ya chini haivumilii kubanwa hivyo, inawaka kabla ya zamu yake. Huo ndio mlio. Injini ikipata moto sana, petroli inaendelea kuwaka hata bila ufunguo. Endelea hivyo, utatoboa pistoni. Hii inataka super."

"Kwa hivyo kila gari litiwe super?"

"Hapana. Gari la jirani yako linatosheka na regula, super haitalifaidi kitu. Unafuata kitabu cha gari, ama karatasi hapa." Muteti alifungua kifuniko cha tangi. "Hata ilikuwako. Ona gundi. Nani ameitoa?"

Hakuna aliyemwona Elsie siku ile. Angenyamaza, ingeishia hapo. Lakini aliuona tena ule mtungi uliojaa. Akatoa daftari mkobani.

"Ni mimi, Baba."

Baba aliibandua karatasi, akasoma mwandiko wa marehemu. "Hiyo 93 ndiyo okteni ya super," Muteti akasema. Baba akamgeukia binti yake.

"Elsie mama, umechukua kisicho chako, na hilo ni kosa. Lakini mimi mtu mzima nilimwiga jirani bila kuuliza, kisha nikamsingizia maiti na kumwaibisha mjane. Tusichokijua tuulize kwanza, na tukikosea tuseme. Uliyosema leo ni magumu kuliko niliyosema mimi wiki nzima."

Waliacha kulirudisha gari, na petroli ile ilipokwisha walijaza super. Walilijaribu kwenye mwinuko wa Isinya, wakapanda bila hata mlio mmoja, na ukimya huo ulimtisha Elsie kuliko kule kubisha. Baba alipogeuza ufunguo, gari lilizimika papo hapo. Karatasi ilikuwa imerudi mahali pake.

Jioni, Baba alipokwisha kuwaeleza majirani ukweli, Mama Jentrix akiwemo, Elsie aliandika barua, ili mjane aombe isomwe kanisani kwake mbele ya watu.

"Mama Naserian, mumeo hakubisha. Alituachia maagizo, nami nikayaficha. Tunaomba msamaha, na tunaomba maziwa. Hata Mama Jentrix anaomba."

Jina la marehemu hakuliandika popote. Siku ya Jumatatu, mbele ya posta ya Kitengela, alilamba bahasha, akaifunga, akaitumbukiza sandukuni. Ilianguka chini kwa mlio mdogo mmoja: ko.

Kisha kimya.