Amina Iliyokatwa

Jua lilikuwa linazama wakati Masikio, fundi sauti, alipoingia kanisa kuu kurekodi ukimya. Usicheke. Mafundi sauti ndivyo walivyo: kwaya ikishaondoka, hurudi kuchukua dakika moja ya jengo tupu, wakaichomeke katikati ya nyimbo ili msikilizaji asijue wapi pamekatwa.

Na Masikio alikuwa amekata sana. Wiki tatu za nyimbo za ibada ya jioni, zaburi, wimbo wa Maria, wimbo wa mzee Simeoni, rudia, rudia tena, mpaka macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Kisa Mwalimu wa kwaya, mgane tangu mwaka jana. Alileta kanda za zamani, akaomba sauti ya marehemu mkewe ichanganywe na za waimbaji wa sasa. Waimbaji wenyewe hawakuambiwa. (Mimi nimejuaje? Yaache hayo.)

Masikio akaiingiza kwenye wimbo wa Simeoni, ule wa mzee kuomba ruhusa aende zake kwa amani. Ila mwishoni Mama Mwalimu alikuwa amekohoa, Amina yake ikatoka imepasuka. Masikio akaikata. Basi kila wimbo huo unapopigwa, mama wa watu anaomba ruhusa, hamalizi, anarudishwa mwanzo.

Alivaa visikilizio. Akabonyeza kitufe.

Kimya.

Kisha... pumzi.

Haikuwa upepo. Ilikuwa pumzi ya mwimbaji anayejiandaa kuanza, ikivutwa kwa shida. Harufu ya pipi za koo ikamjia puani. Akavua visikilizio. Pumzi ikabaki palepale.

"Masikio, mwanangu... nimechoka."

Ilitoka kwenye safu ya sauti ya pili, benchi la nyuma. Hapakuwa na mtu. Mbao tu zililia, kama mtu anahamisha uzito toka mguu huu kwenda ule.

"Mama... shikamoo," alinong'ona. Hata woga una adabu zake.

"Marahaba ya nini na miguu imevimba? Mara arobaini umenisimamisha. Nipe Amina yangu nikakae."

Alifungua kompyuta, akairudisha Amina, kikohozi na vyote, akaupiga wimbo mpaka mwisho. Benchi likalia mara moja. Harufu ikapotea.

Akausikiliza upya. Waimbaji wote wamo. Mama Mwalimu hayumo.

"Umefanya nini?"

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Kumbe kila jioni Masikio akiupiga wimbo, yeye alikuwa akija kumsikiliza mkewe.

"Amechoka, Mwalimu. Mwache mama wa watu apumzike."

"Kwani mimi sijachoka? Wewe una wa kukugombeza nyumbani. Mimi nakula na redio." Akajifuta uso kwa kiganja. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayepanga mazoezi. "Nina kanda zake nyingine kumi na moja. Kesho uje na mashine yako."

Masikio akaanza kukunja nyaya. Alikuwa hana hata nguvu za kukataa.

Nyuma, kwenye benchi tupu, mtu akaguna. Mguno mrefu, wa mama aliyekwishavua viatu, akanyoosha miguu, halafu akasikia anaitwa.

Mbao zikalia.

Alikuwa anasimama.