Kengele Haina Adabu

Kaa vizuri. Kunja miguu, mwenzako naye apate nafasi. Hadithi ikianza, hakuna kwenda kunywa maji.

Huko Tukuyu, mlimani, kwenye migomba na ukungu, palikuwa na shule. Shuleni hapo alisoma msichana aliyeitwa Tusekile.

Tusekile alikuwa darasa la saba. Darasa la saba ndio wakubwa wa shule. Lakini Tusekile alikuwa mfupi. Mfupi hasa.

Watoto wa darasa la tatu walimuuliza, "Wewe uko la ngapi?"

"La saba," alijibu Tusekile. "Urefu wangu uko njiani, unakuja."

Tusekile alikuwa na kazi kubwa. Yeye ndiye aliyegonga kengele ya shule.

Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gurudumu la lori. Ilining'inia kwenye mparachichi. Tusekile alipanda juu ya tofali, akashika kipande chake cha nondo, akagonga.

*Ngeng, ngeng, ngeng.*
*Kengele ikilia, kila mtu ananyamaza.*

Darasa la kwanza walinyamaza. Walimu walinyamaza. Mwalimu Mkuu aliacha kicheko katikati. Hata mbuzi wa jirani alinyamaza, majani yakiwa mdomoni.

Tusekile aliipenda sana kazi hiyo. Mtu mfupi kunyamazisha shule nzima si mchezo.

Darasani kwao, Mwalimu Mwaipopo alifundisha sayansi. Siku moja alikuja na kikombe cha chai ya moto. Ndani ya chai aliweka kijiko cha chuma na mwiko mdogo wa mti.

"Tusekile, shika kijiko," alisema Mwalimu.

*Sss.* "Cha moto, Mwalimu."

"Sasa shika mwiko."

Tusekile akashika. Akasubiri. "Huu hauna habari, Mwalimu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu Mwaipopo naye akacheka. Tangu siku hiyo, darasa la saba waliimba hivi:

*Chuma kwenye joto: sss.*
*Mti kwenye joto: hauna habari.*

"Vizuri sana," alisema Mwalimu. Kisha akainywa chai yote. Somo likaishia hapo.

Basi, mitihani ikaja. Mitihani ikaisha. Ikafika siku ya mahafali, sherehe ya kuwaaga darasa la saba.

Asubuhi Tusekile alivaa sare iliyonyooshwa kwa pasi. Baba yake akamvisha shada la kung'aa shingoni. Shada lilimwasha, lakini alivumilia.

"Mwanangu," alisema Baba, "siku ya mahafali yangu mimi, ilinyesha mvua, halafu jogoo wa Mwalimu Mkuu..."

Baba alipenda kusimulia. Akianza, haishi leo.

"Baba, tutachelewa," alisema Tusekile.

"Haya. Nitamalizia usiku," alisema Baba.

Shuleni palipambwa. Vitambaa huku, migomba kule, viti kila mahali. Mwalimu Mwaipopo akamwita Tusekile pembeni.

"Leo utagonga kengele yako ya mwisho," alisema. "Mgeni rasmi akimaliza hotuba, unagonga. Kisha unamkabidhi Subilaga nondo. Kisha tunakula pilau."

Subilaga alikuwa wa darasa la sita. Ndivyo shule ile ilivyofanya kila mwaka. Mgongaji wa darasa la saba humkabidhi nondo mgongaji mpya, mbele ya watu wote.

Tusekile akaitazama kengele. Alilitaka pilau. Alilitaka kwelikweli. Lakini kengele ya mwisho aliitaka kuliko pilau.

Darasa la saba waliimba. Walicheza. Watu wakashangilia. Kisha akasimama mgeni rasmi, mzee mpole mwenye koti kubwa.

"La kwanza, hongereni," alisema mgeni rasmi. Watu wakapiga makofi.

"La pili, naweni mikono." Watu wakapiga makofi tena.

*"Na la mwisho," alisema mgeni rasmi.*

Tusekile akajiweka tayari kuinuka.

"Na la mwisho, niwaeleze kuhusu viatu vyangu vya kwanza."

*Kumbe halikuwa la mwisho.*

Mgeni akaeleza viatu. Akaeleza kamba za viatu. Akaeleza ng'ombe aliyetafuna zile kamba.

*"Na la mwisho," alisema mgeni rasmi.*

Tusekile akainuka kidogo.

"Na la mwisho, huyo ng'ombe alikuwa wa nani?"

*Kumbe halikuwa la mwisho.*

Tusekile akakaa. Harufu ya pilau ikapita puani. Ikazunguka. Ikarudi.

*Kruu,* likasema tumbo la Tusekile. *Kruu, kruu,* yakajibu matumbo ya darasa la saba. *Kruuuu,* likasema tumbo la Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu akajifanya anakohoa.

Lakini nani angemwambia mgeni anyamaze? Mgeni rasmi hakatizwi. Ni kukosa adabu.

Mwalimu Mwaipopo akamwinamia Tusekile. Akanong'ona, "Mtu hawezi kumkatiza mgeni. Lakini kengele si mtu. Kengele haina adabu. Nenda."

Tusekile akachomoka. *Pata pata pata*, mpaka kwenye mparachichi. Akapanda juu ya tofali. Akanyoosha mkono kwenye panda ya mti, mahali nondo inapokaa kila siku.

Nondo haikuwepo.

Akatazama chini. Hakuna. Akatazama nyuma ya tofali. Hakuna. Akamtazama mbuzi. Mbuzi akatazama pembeni, lakini safari hii hakuwa na kosa.

Tusekile akashika kichwa. Bila nondo hakuna kengele. Bila kengele hakuna kukabidhi. Atamaliza shule bila kugonga mara ya mwisho, na pilau litalala.

*"Na la mwisho," alisema mgeni rasmi kwa mbali.*

Tusekile akavua kiatu. Akagonga.

*Pufu.* Mbuzi hata hakugeuka.

Akaokota fimbo. Akagonga.

*Tak.* Fimbo ikavunjika.

Akaona kitu kama jiwe kwenye majani. Kilikuwa kijani, kizito, kimejaa mkononi. Akagonga kwa nguvu zake zote.

*Pwacha.*

Lilikuwa parachichi. Lilikuwa limeiva vizuri. Likamrukia usoni, likamganda kwenye nywele, likaning'inia kwenye shada.

Tusekile akataka kulia. Ndipo akasikia sauti nyuma ya mti.

"Nani anapoteza parachichi zuri hivyo?"

Alikuwa Mama Ipyana, mpishi wa sherehe. Alikuwa na sufuria kubwa ya pilau. Moto chini, na juu ya mfuniko makaa mekundu.

"Shikamoo, Mama Ipyana," alisema Tusekile, parachichi likimdondoka.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepakwa?"

"Natafuta nondo yangu. Umeiona?"

"Nondo? Nondo sijaiona," alisema Mama Ipyana. "Hapa nina kichokoo changu tu. Nimekikuta kwenye mti, kimekaa bure, nikasema kinisaidie kusogeza makaa."

Tusekile akatazama juu ya mfuniko. Katikati ya makaa palikuwa na kichokoo cha Mama Ipyana. Kilikuwa kifupi. Kilikuwa cha chuma. Kilikuwa nondo.

"Ndiyo yenyewe," alisema Tusekile.

"Hii? Ndiyo kengele?"

"Ndiyo, Mama."

"Jamani," alisema Mama Ipyana. "Nimepikia kengele."

*"Na la mwisho," alisema mgeni rasmi kwa mbali. "Huyo ng'ombe alikuwa na ndama."*

Tusekile akanyoosha mkono haraka aichukue nondo. Mkono ukakaribia. Ukakaribia zaidi. Halafu ukasimama hewani.

*Chuma kwenye joto: sss.*

Mkono ukarudi nyuma. Tusekile akafikiri. Ulikumbuka wewe? Yeye alikumbuka.

*Mti kwenye joto: hauna habari.*

"Mama Ipyana, nakuomba miiko. Miwili."

Mama Ipyana akampa miiko ya mti, mirefu kama mikono ya Baba. Tusekile akaibana nondo katikati ya miiko. Polepole. Ikateleza. Akaibana tena. Akaipeleka mpaka kwenye ndoo ya maji, akaiachia.

*Chwaaaaa.*

Mvuke ukapanda. Mama Ipyana akaruka nyuma. Mbuzi akaondoka kabisa.

Tusekile akasubiri. Akagusa kwa mwiko, mwiko haukumwambia kitu. Akagusa kwa ncha ya kidole. Nondo ilikuwa baridi.

Akakimbia. *Pata pata pata.* Akapanda juu ya tofali, parachichi kichwani, kiatu kimoja mguuni.

*"Na la mwisho," alisema mgeni rasmi.*

*Ngeng, ngeng, ngeng.*

Kengele ikilia, kila mtu ananyamaza. Wazazi wakanyamaza. Walimu wakanyamaza. Matumbo yakanyamaza. Na mgeni rasmi akanyamaza, mdomo wazi, kidole juu.

Watu wakasubiri. Je, amekasirika?

Mgeni rasmi akashusha kidole. Akafuta jasho.

"Asante, mwanangu," alisema. "Nilikuwa sijui nitamalizaje."

Basi watu wakacheka. Mgeni rasmi akacheka kuliko wote, mpaka koti likacheza.

Kisha Subilaga wa darasa la sita akaja mbele. Akanyoosha mikono, apokee nondo.

Tusekile akampa. Lakini vidole vyake havikuachia. Subilaga akavuta kidogo. Tusekile akavuta kidogo. Subilaga akamtazama Mwalimu. Mwalimu Mwaipopo akatazama mawingu.

"Inaniuma kuiacha," alisema Tusekile.

"Nitaitunza, dada," alisema Subilaga. "Sitaipikia pilau."

Tusekile akacheka huku machozi yakimlengalenga. Vidole vikaachia kimoja kimoja.

"Gonga ubavuni," akamwambia. "Katikati haitoi sauti nzuri. Na panda juu ya tofali."

Subilaga akasogea kwenye kengele. Akanyoosha mkono. Akaifikia bila shida.

"Tofali silihitaji," alisema Subilaga. "Lichukue wewe."

Wakala pilau. Lilikuwa zuri. Lilikuwa na moshi kidogo, na Tusekile alisema lina ladha ya kengele. Mgeni rasmi aliongeza sahani. Akasema ni ya mwisho. Kumbe haikuwa ya mwisho.

Jioni Tusekile akarudi nyumbani na Baba. Cheti mkono mmoja. Tofali mkono mwingine.

"Wenzako wamerudi na vyeti," alisema Baba. "Wewe umerudi na vifaa vya ujenzi."

"Ni langu, Baba," alisema Tusekile. Akaliweka kando ya kitanda chake.

Usiku Tusekile akanawa parachichi lote. Akapanda kitandani. Nje palikuwa na ukungu. Ndani palikuwa kimya, na kimya hicho hakikumfurahisha.

"Baba," alisema. "Kesho sina cha kugonga."

Baba akakaa kitandani. Akamkumbatia. Kisha akaanza kusimulia.

"Siku ya mahafali yangu, ilinyesha mvua. Jogoo wa Mwalimu Mkuu akaingia jukwaani." Akaeleza jogoo. Akaeleza mvua. Akaeleza mwavuli.

*"Na la mwisho," alisema Baba.*

Tusekile akafunga macho.

"Na la mwisho, huo mwavuli ulikuwa wa nani?"

*Kumbe halikuwa la mwisho.*

Tusekile akafungua jicho moja. Akaona kikombe cha bati mezani. Ndani yake palikuwa na kijiko cha chuma.

Akateremka kitandani. Akapanda juu ya tofali lake. Akashika kijiko.

*Ngeng.*

Baba akanyamaza, mdomo wazi, kidole juu.

"Kumbe bado unagonga," alisema Baba, akitabasamu. Akazima taa.

Tusekile akarudi kitandani, akacheka gizani mpaka usingizi ukamchukua, kijiko kikiwa bado mkononi.

Na la mwisho kwako wewe unayesikiliza. La mwisho kweli, mimi si mgeni rasmi.

*Ngeng.*

Umesikia? Kengele ikilia, kila mtu ananyamaza. Lala salama.