Kostimu ya Papa Germain

Watu walijaa mbele ya ajansi ya mizigo kama siafu waliokanyagwa. Mizigo ya Dubai ilikuwa imeingia Likasi asubuhi, na Mama Hortense, mwenye ajansi, alisimama juu ya kiti akiita majina kwa ile sauti yake ya kwaya ya kanisa. Marlène alikuwa amevaa kikwembe cha maua ya manjano na blauzi nyeupe. Vumbi jekundu lilikuwa limempanda mpaka magotini. Aliposikia jina lake akajipenyeza, kumbe mkono mrefu wa mwanaume umekwisha kubeba koli yake, boksi lenye jina lake juu.

— We bwana! Weka chini, ni viatu vyangu!

Mwanaume akageuka. Shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, meno meupe, macho ya utani.

— Yako? Kuko jina yako?

— Kuko. Soma, kama unajuaka kusoma.

Akasoma, akacheka.

— Pardon. Nilizania ni koli yangu. Lakini, Marlène, ulinunua bure bure hivi? Haukupitia ku site ya mu simu yenye kurudisha?

— Kurudisha nini?

— Feza! Unapitia kwanza kwao, njo unaingia ku duka. Ukinunua ya mia, kisha siku kidogo banakurudishia tano. Minye Glody sinunuake kintu yenye hairudishe.

— Na bibi je? Utamununua kule pia, bakurudishie tano?

Watu wote wa foleni wakaangua kicheko. Glody naye akacheka, lakini akamtazama Marlène sawasawa.

— Bibi, minye nitalipa mpaka ya mwisho.

Namba ya simu aliipata palepale.

Glody alikuwa dereva wa malori ya mawe kutoka Kambove. Kila jioni akisimamisha gari njiani, simu ya Marlène ilikuwa inalia.

— Allô, chérie, umekula?

— Nilikula. Weye uko wapi?

— Ku mulima. Gari imechoka, inalia kama mbuzi. Lakini minye njo nalia kuipita.

— Unalia nini?

— Nakulilia weye.

— Muongo! Kata simu, unite ukifika.

Marlène akawa anakata simu, na tabasamu linabaki mdomoni kama mafuta ya samaki.

Ulipofika wakati wa kutoa mali, yaani mahari, Glody alinunua vyote kwa ile site: suti ya kostimu ya baba mkwe, vikwembe vya mama mkwe, viatu vyao wote wawili. Marlène mwenyewe alikaa ubavuni pake, kidole chake kikapita juu ya kioo cha simu.

— Hii ya kijivu, — alisema. — Papa hapendake nyeusi, anasema ni ya kuzikia batu.

— Kijivu, basi. Na itarudisha, chérie!

— Uko na akili, weye.

Na siku ya mali ikawa siku kweli. Papa Germain, baba yake Marlène, aliyemaliza miaka yake yote ya kazi usine, kiwandani, aliivaa ile kostimu palepale sebuleni, akajigeuza mbele ya wakwe kama kijana. Wanawake wakapiga vigelegele. Mali ikapokelewa. Ikabaki ndoa ya kanisa tu.

Jumapili moja kabla ya kanisa, Glody alialikwa kula kwa wakwe. Ugali wa bukari ulikuwa unatoa moshi, sombe ya majani ya muhogo inanukia mawese, samaki wamepangwa. Simu ya Glody ikalia kidogo mfukoni. Akaangalia, akaruka.

— Imerudi! Chérie, imerudi! Feza ya kostimu ya papa na ya bikwembe bya mama, imenirudia!

Tonge la bukari likabaki mkononi mwa Papa Germain.

Kwa watu hawa, mali ikishatoka kwa mkwe haigeuki nyuma, hata kuku mmoja. Ikirudi, maana yake binti amerudishwa kwao. Na mtoto anayezaliwa juu ya mali iliyorudi, wazee wanasema, hakai duniani. Wala hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Martine, binti wa tantine Rosalie, bwana yake aliomba arudishiwe mbuzi mmoja wa mali ili auze wakati wa njaa. Martine amezika watoto wawili. Siku hiyo alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mitupu juu ya mapaja.

Tantine Rosalie, dada ya Papa Germain, ndiye aliyefungua mdomo.

— Glody, mutoto wangu, sema polepole. Nini njo imerudi?

— Si mali, tantine! Mali iko kwenu. Ni matabisi, zawadi ya batu ya site. Kidogo tu, dola kumi na moja.

— Bamekupa juu ya nini?

— Juu ya bile nilinunua.

— Ulinunua nini?

Glody akaitazama simu mkononi.

— Kostimu... na bikwembe.

— Basi ni ya kostimu na bikwembe.

Papa Germain aliongea akitazama sahani.

— Kama haukulipa yote, ulimupunguza mutoto wangu. Kama ulilipa yote, umejirudishia. Chagua moja.

Papa Germain akamgeukia binti yake.

— Na weye, ulijua?

Glody akamtazama Marlène kwa matumaini, kama mtu aliyeona daraja. Marlène akamtazama Martine pale mlangoni, ile mikono mitupu juu ya mapaja.

— Sikujua, papa.

Jioni simu ililia. Hapakuwa na chérie wala umekula.

— Marlène, weye njo ulichagua rangi!

— Nilikuwa na woga.

— Woga ya papa?

— Ya Martine.

Glody akasema:

— Sikia. Nitaondosha ile feza ku site, niitie mu mikono ya papa, njo maneno itaisha.

— Leta kesho.

— Haitoke kesho. Banasema mpaka ifike dola kumi na tano.

— Sasa itafika namna gani?

— Ninunue tena.

— Glody! Ile kintu imetuvunjia nyumba, na weye unataka kununua tena? Oa ile site, basi!

Akakata. Safari hii tabasamu halikubaki.

Glody alimtuma mjomba wake na feza nyingine, ya mshahara, mara mbili ya ile. Papa Germain hakuigusa. «Hii ni ingine,» alisema. «Ile ya kostimu ingali kwake.» Mjomba akarudi kichwa chini. Ukoo ukakaa, tantine Rosalie akatoa hukumu akilia, maana alimpenda yule kijana: kipande kimerudi, vyote vifuate. Mama akakunja vikwembe vyake. Papa Germain akakunja kostimu mwenyewe, akaipangusa mabega, akaitia katika plastiki ileile iliyotoka nayo Dubai.

Vikwembe na viatu vikatangulia kwa mjomba wa Glody; kostimu, Marlène akaomba aipeleke yeye.

Alimkuta Glody mbele ya ajansi, katika watu walewale na vumbi lilelile. Amekonda, shati halina pasi.

— Nilijua, — Marlène alisema kabla ya salamu. — Nilichagua rangi, nilifurahi, kisha nikakukana mbele ya batu. Unisamehe.

— Nilikusamehe siku ileile, chérie.

Akamshika mkono. Wakasimama hivyo, kostimu kati yao kama mtoto aliyelala.

— Twende Lubumbashi, — Glody akanong'ona. — Leo. Minye na weye.

— Na mutoto akizaliwa?

— Atakuya, atakomaa. Ile ni maneno ya bazee.

— Apa.

— Nini?

— Uape, juu ya kichwa ya mutoto wetu, kama ni maneno ya bazee tu.

Glody akafungua mdomo. Akautazama uso wa Marlène, akafunga mdomo. Hata yeye, mwana wa simu na mitandao, hakuweza kuapa.

Marlène akampa kostimu.

— Na ile feza?

— Imefika kumi na tano. Sasa inaweza kutoka.

— Ulinunua tena.

— Nilinunua juu niiondoshe, niiletee papa. Nilinunua kintu moja tu.

— Kintu gani?

Glody akatazama mlango wa ajansi. Marlène akamgusa shavu kwa mgongo wa mkono, akageuka, akaanza kuvuka barabara. Lori la mawe likapita, likamfunika vumbi. Nyuma yake sauti ya Mama Hortense ikapaa juu ya vichwa:

— Madame Glody! Madame Glody ni nani? Viatu nyeupe vya ndoa, namba makumi tatu na nane!

Ilikuwa namba ya mguu wake. Marlène aliendelea kutembea.

Mama Hortense akaita tena, akangoja, akatazama watu. Kisha akaiweka ile koli pembeni, akaita jina lingine.